Ziwa Liko Upande Gani? Mazungumzo juu ya Chapa za Mti

Wasikilizaji wapenzi, ninyi mlio Uvira mjini, na ninyi wa Lemera juu milimani, na ninyi mlio katika uwanda wa Ruzizi tangu Kamanyola hata Kavimvira, na ninyi wavuvi wa Kalundu mnaotusikiliza huku mkitengeneza nyavu zenu kabla ya kuingia ziwani, leo nimekuja kwenu na ubao mkononi. Laiti redio ingekuwa na macho, ningeuinua mkauona. Lakini maadamu haina, nivumilieni niwaeleze polepole, nanyi muuone kwa masikio.

Ni kipande cha mti wa mpera, ukubwa wake ni kiasi cha kiganja cha mtu mzima. Hakikukatwa kwa urefu wa shina, kama seremala akatavyo mbao za mlango, bali kilikatwa kwa kukingama, kama mama akatavyo muhogo vipande vipande kwenda chunguni, hata pete za umri wa mti zikaonekana juu ya uso wake. Uso huo ulisuguliwa kwa msasa siku mbili, ukawa laini kama ukucha, kisha ukapakwa wino mweusi. Na juu ya weusi huo, kwa ncha ya chuma iliyonolewa sana, ilichorwa milima ya Mitumba, na mji wa Uvira miguuni pa milima hiyo, na ziwa mbele yake. Ukipaka wino juu ya ubao huu na kuulalia karatasi, kisha ukaisugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, picha huhamia karatasini. Na ukipaka wino tena hupata picha ya pili, na ya tatu, na ya mia, zote zikiwa ndugu wa tumbo moja. Kazi hii wengine huiita nakshi ya ubao, wengine chapa ya mti. Nami jioni ya leo nataka tuizungumze kazi hii, na hasa tuizungumze kama njia ya kuchora mahali petu tunapopafahamu: mto wetu, daraja letu, kilima chetu, hospitali yetu.

Mtaniuliza, na ni haki yenu kuuliza: je, mambo ya nakshi yanatuhusu nini sisi watu wa ufuko huu wa kaskazini wa Tanganyika? Jibu langu ni kwamba yanatuhusu tangu zamani, ila yalituhusu kwa namna ya mtu anayesemwa naye hayupo. Sikilizeni.

Katika mwezi wa Aprili mwaka 1858 walifika Uvira Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, wakitokea Ujiji kwa mitumbwi miwili chini ya Kannena, jumbe wa Ujiji. Burton alikuwa mgonjwa, ulimi wake umefanya vidonda hata kula kulimshinda. Na shauku yake yote ilikuwa kuujua mto Ruzizi, kwa kuwa alitumaini kusikia kwamba unatoka ziwani kwenda kaskazini, na kwamba labda ndio mwanzo wa Nili. Watoto wa mtawala wa Uvira wakamjibu bila kusitasita kwamba Ruzizi hautoki ziwani, bali unaingia. Neno hilo, ambalo kila mtoto wa Kavimvira alilijua kabla ya kujua kuhesabu, lilimvunja moyo msafiri yule. Hakufika mlangoni mwa mto. Alirudi Ujiji, na mwaka 1860 kitabu chake kikatoka London, nacho kina picha zilizochapwa kwa mbao. Mwaka huohuo, mjini Paris, lilianzishwa gazeti la safari liitwalo Le Tour du Monde, lenye picha za nakshi ya ubao kurasa kwa kurasa, na safari ya Burton ikatolewa humo pia kwa wasomaji wa Kifaransa.

Ikapita miaka 13. Novemba 1871 wakaja wengine wawili, David Livingstone na Henry Morton Stanley, wakapiga makasia hata mlangoni mwa Ruzizi, wakaona kwa macho yao yale ambayo wenyeji walikwisha kuyasema: maji yanaingia. Mkivuka kwenda ng'ambo ya Burundi, pale Mugere, kusini ya Bujumbura, mtaliona jiwe kubwa lililoandikwa majina yao pamoja na tarehe, 25 Novemba 1871. Mwaka uliofuata Stanley akatoa kitabu chake, na ndani yake umo mchoro wa wazungu hao wawili wakiwa chomboni mlangoni mwa Ruzizi yetu.

Basi hapa nataka tutue kidogo, maana ndipo penye jambo. Picha za magazeti na za vitabu vya safari za wakati ule zilitengenezwaje? Msafiri alileta michoro yake ya haraka haraka, iliyofanywa kwa kalamu ya risasi, pengine huku homa ikimtetemesha. Mchoro huo ulipewa mchoraji wa mjini, naye akauchora upya juu ya ubao, akiongeza kwa fikira zake yale ambayo msafiri hakuwahi kuyaandika. Kisha ubao ukapelekwa kwa wachongaji. Na kwa kuwa mti uliopendwa kwa kazi hiyo, ambao Wafaransa huuita buis, ni mgumu na hukua polepole sana, shina lake likiwa jembamba, ubao wa picha kubwa haukuweza kupatikana katika kipande kimoja. Ilibidi vipande vidogo viungwe kwa skrubu nyuma yake. Katika karakana za magazeti, kazi ilipokuwa ya haraka, vipande hivyo vilifunguliwa na kugawiwa mafundi mbalimbali, huyu akachonga kipande cha anga, yule kipande cha maji, mwingine kipande cha majani, kila mmoja chini ya taa yake, na asubuhi vipande vikaungwa tena vikapelekwa kwenye mashine ya chapa.

Siwalaumu mafundi wale. Mikono yao ilikuwa na ustadi ambao leo ni wachache wanaoweza kuufikia, na mimi nikizitazama kazi zao hujifunza kila mara. Lakini fikirini: mtu aliyelipwa ujira achonge matete ya mto katika ziwa letu hakupata hata siku moja kuyasikia matete ya Ruzizi yakisuguana kwa upepo wa alasiri, wala hakujua kwamba uwanda wetu ni mkavu na wenye vumbi miezi ya Juni na Julai, wala kwamba milima ya Mitumba haiko mbali kama picha zinavyopenda kuiweka, bali imeuegemea mji wa Uvira kama ukuta. Hivyo ndivyo tulivyochorwa kwanza, wasikilizaji wangu. Tulichorwa kwa mkono stadi na jicho ambalo halikuwepo.

Na ajabu ni kwamba sanaa yenyewe haikuzaliwa hivyo. Mtu aliyeifikisha katika ukamilifu wake alikuwa Mwingereza wa shamba, Thomas Bewick, aliyezaliwa mwaka 1753 karibu na mto Tyne, si mbali na mji wa Newcastle, akafariki mwaka 1828. Kabla yake wachongaji wengi walitumia kisu juu ya ubao uliokatwa kwa urefu wa mti, wakiondoa mti pande zote mbili za kila mstari. Yeye alishika kile kipande kilichokatwa kwa kukingama, akachukua ncha ya chuma ya wachora madini, na badala ya kuhangaika kuuacha mstari mweusi akachora kwa mstari mweupe. Na alichonga nini? Alichonga ndege wa kwao, na katika nafasi zilizobaki chini ya kurasa za vitabu vyake akachonga vijipicha vidogo vya maisha ya kwao: mtu avukaye kijito, mvuvi chini ya mvua, ng'ombe kando ya ua. Bewick hakuhitaji kuletewa mchoro na msafiri. Alitoka mlangoni kwake, akatazama, akarudi, akachonga. Nami narudia neno hilo, kwa kuwa ndilo lililonileta hapa jioni hii: alitoka mlangoni kwake, akatazama, akarudi, akachonga.

Sasa niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana imenifundisha kuitazama Uvira kuliko jambo lingine lolote.

Mchongaji hakai na ubao mezani hivi hivi. Huuweka juu ya mto mdogo wa ngozi uliojazwa mchanga, na anapotaka kuchora mstari wa mviringo, hauzungushi mkono wenye chuma. Mkono huo hutulia, na mkono wa kushoto ndio unaouzungusha ubao taratibu juu ya mto. Chuma changu nilikifanya kwa msumari wa zege, nikaunoa juu ya jiwe hata ukawa na ncha ya pembe tatu, nikautia mpini mfupi wa duara unaokaa ndani ya kiganja. Ukisukuma kwa upole hupata mstari mwembamba kama unywele. Ukiinua kiganja kidogo, mstari hunenepa. Na ukikosea, basi umekosea, kwa kuwa mti ukishatoka haurudi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kubwa zaidi ya kuteleza kwa chuma. Nilikaa Kalundu asubuhi nzima nikielekea kaskazini, milima ikiwa kushoto kwangu na ziwa kulia, nikachora juu ya ubao vilevile nilivyoona, nikachonga majuma matatu. Nilipochapa, nikampelekea mzee mmoja mvuvi, jirani yetu, nikamwambia, "Baba, tazama Uvira yako." Akaishika karatasi kwa ncha za vidole, akaitazama kitambo kirefu, akasema, "Mwanangu, hapa ni ng'ambo. Hapa mtu amesimama Burundi." Nikaitazama tena, nikaona amesema kweli: ubao hugeuza kila kitu unapochapwa, kama kioo kinavyogeuza, kwa hiyo milima ilikuwa imehamia kulia na ziwa limekwenda kushoto, na mtu aliyesimama katika picha yangu alikuwa amesimama Mugere, karibu na lile jiwe la Stanley, akiitazama Bujumbura. Mzee yule hakuwahi kusoma kitabu cha sanaa. Alijua tu jua linamtokea upande gani anaporudi na ndakala zake alfajiri, na ujuzi huo ulimtosha kunisahihisha.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichora kwanza kinyume, ziwa kushoto, milima kulia, nikiwa na kioo kidogo mezani cha kuhakikishia. Na kwa kuchora kinyume nimeyaona mambo niliyokuwa nikiyapita maisha yangu yote. Je, mmewahi kuangalia jinsi nuru inavyokwenda hapa kwetu? Asubuhi jua huchomoza nyuma ya milima ya Burundi, likavuka ziwa na kuipiga Mitumba usoni, kila bonde likaonekana, kila shamba la mihogo, kila njia ya mbuzi. Lakini alasiri jua likishaanguka nyuma ya Mitumba, Uvira huingia kivulini mapema, ilhali ng'ambo kule Bujumbura bado inang'aa. Na ziwa katikati lina nusu ya giza na nusu ya fedha. Mwenye rangi angeweza kulifanya jambo hilo kwa rangi ishirini. Mwenye ubao ana mbili tu, nyeusi na nyeupe, naye kila mstari anaouondoa ni nuru anayoiruhusu kuingia. Ubao huanza usiku. Kila ukigusa, kunakucha kidogo.

Huenda kijana mmoja ananisikiliza na simu mkononi, naye anasema moyoni: taabu yote hiyo ya nini, ilhali nikibonyeza mara moja nimepata Uvira nzima, na rangi zake? Swali zuri, na silidharau. Simu hupokea kila kitu kwa usawa, waya wa umeme na mlima, chupa ya plastiki na kanisa, nayo haikuulizi unapenda nini. Ubao hukuuliza. Kwa kuwa kila mstari ni jasho, unalazimika kukata shauri ni jambo gani linalokifanya kilima hiki kiwe kilima hiki na si kingine. Tena simu huanguka majini, huibiwa, hujaa. Bali ubao wa mpera hauhitaji umeme wala mtandao, na wajukuu wakiukuta katika sanduku wanaweza kuchapa kwa wino na kijiko siku hiyohiyo.

Na sisi tuna sababu ya kuharakisha. Usiku wa kuamkia 17 Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukapita katikati ya mji ukichukua watu na nyumba, na asubuhi wengi wetu tulisimama mahali tusipoweza kupatambua, tukiulizana, "Hapa palikuwa na nini?" Tena baadaye ziwa lenyewe likapanda, likaingia katika nyumba za ufukoni, na wenye nyumba wakahamia kwa ndugu. Nani kati yetu ana taswira ya ile mitaa ilivyokuwa? Tulikuwa tukipita kila siku, tukadhani kuta zitatungoja.

Wajapani walifanya jambo ninalotamani tulifanye. Hokusai, karibu na mwaka 1830, aliuchora mlima mmoja tu, Fuji, kutoka pande nyingi, kwa chapa za mti wa mcheri, hata picha zikawa 46: mlima nyuma ya wimbi, mlima nyuma ya fundi wa pipa, mlima chini ya radi. Mwenziwe Hiroshige, miaka michache baadaye, akaifuata barabara kuu ya Tokaido na kuchora vituo vyake 53, kimoja kimoja. Sisi nasi tuna barabara yetu, ile waiitayo ya taifa namba 5. Hesabuni pamoja nami: Kamanyola, Luvungi, Bwegera, Luberizi, Sange, Kiliba, Kavimvira, Uvira. Kila kimoja kina sura yake. Luvungi ina soko. Kiliba ina kiwanda cha sukari na mashamba ya miwa. Sange, ambako Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka, likaua zaidi ya watu 200, ina huzuni yake ambayo haistahili kusahauliwa. Vituo vinane, mbao nane za kiganja. Shule moja ya sekondari ingeweza kuvimaliza kwa mwaka mmoja.

Wala msidhani kwamba Afrika haina wenye kazi hii. Karibu nasi, Uganda, yuko Fred Mutebi, ambaye hutoa picha za rangi nyingi kutoka ubao mmoja: huchapa rangi ya kwanza, akachonga tena ubao uleule, akachapa ya pili juu yake, hivyo hivyo hata ubao ukakaribia kuisha, na mwisho wa kazi hawezi kurudi nyuma kuchapa zaidi. Na kusini, Namibia, aliishi John Muafangejo, aliyefariki mwaka 1987, ambaye aghalabu alitumia si mti bali linoleo, ule utandiko wa sakafuni, akachonga makanisa, vita na watu wa nchi yake kwa nyeusi na nyeupe tu. Vijana wasiopata mti mgumu waanze hivyo. Hata soli ya ndala kuukuu yaweza kufundisha mkono.

Sasa, wasikilizaji wangu, wakati unanikimbia, nami nimebaki na ubao mmoja wa kuwaeleza, nao ni wa kwetu Lemera.

Nimejaribu kuichora hospitali ya Lemera mara tatu. Mnaijua historia yake. Ni hospitali iliyojengwa na misheni ya Wapentekoste wa Uswidi, na daktari wake mkuu alikuwa Denis Mukwege, ambaye mwaka 2018 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani; na tarehe 6 Oktoba 1996 ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani mwao pamoja na wauguzi waliokuwa wakiwahudumia. Mtu atachongaje mahali kama hapo? Ubao wa kwanza niliuacha katikati. Wa pili niliuchonga wote kuwa kilio, nikaona kwamba nimewasema wauaji zaidi ya nilivyowasema waliouawa, nikautia motoni. Wa tatu ndio nilio nao hapa mezani. Nimechonga vilima, na njia ya kupandia, na migomba, na mapaa ya mabati kwa mistari iliyonyooka sana, maana mabati hayasamehe mstari uliopinda. Lakini madirisha sikuyagusa. Niliyaacha kama ubao ulivyokuwa, ili yachapwe meusi kabisa, nikidhani hiyo ndiyo heshima.

Juma lililopita nilimwonyesha mama mmoja wa kwetu, aliyejifungulia pale watoto wake wanne, wawili kabla ya siku ile na wawili baadaye. Akaitazama karatasi, akaweka kidole juu ya dirisha la mwisho upande wa kulia, akasema, "Hapa ndipo wodi ya wazazi. Hapa taa haizimwi usiku."

Basi nimeunoa msumari wangu. Dirisha hilo, ambalo karatasini liko kulia, juu ya ubao liko kushoto, nalo ni dogo kuliko punje ya mchele. Usiku huu, nikitoka hapa studioni, nitakwenda kulichonga mstari mmoja.